Mama Aliyekuja Siku Mashine Ilipojaa

Cheka kwanza umalize, halafu nikuambie. Wote huwa wanacheka. Padri wetu wa Kamembe alicheka pia, mpaka nilipofika kwenye jina la mtoto, hapo akaniomba tuketi. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa mzima, sina homa, sijagusa hata tone la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sina faida yoyote ya kukudanganya, maana aliyewahi kunilipa kwa kisa hiki ni nani?

Kwanza ujue kwamba mimi si mtu wa mizimu. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokimbilia Kongo zamani, nikasomea palepale mambo ya informatique, yaani kompyuta. Baada ya mauaji ya kimbari tukarudi upande huu wa Cyangugu, nchi ya wazee wangu ambayo utoto wangu wote nilikuwa naitazama tu ng'ambo ya mto. Mtu akiniambia fulani kageuka chui, mimi huuliza chui huyo alivaa viatu namba ngapi. Mama yangu alikuwa akisema ubishi wangu utanizika. Haujanizika bado, lakini siku hiyo ulifungwa mdomo.

Nilikuwa nafanya kazi katika mradi mmoja wa kutafutia watoto familia zao. Miaka ile vita vilikuwa vimehamia Kongo, watu wakakimbia msituni, wakatawanyika, na watoto wakawa wanafika daraja la mpakani, Rusizi II, bila mtu. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza: tunampiga mtoto picha, tunaiweka kwenye mashine, tunaichapa kubwa, tunaibandika sokoni, kanisani, na pale mpakani wanapopita wafanyabiashara. Mama mmoja akisimama mbele ya picha na kuanza kulia, basi siku hiyo sisi tunakula vizuri hata kama ni mihogo mitupu. Maman Espérance, mwenzangu, alikuwa mpiga picha. Mimi nilikuwa mtunza mashine.

Hiyo mashine usiifikirie kama hizi zenu za kubofyabofya. Kioo chake kilikuwa cheusi, maandishi meupe. Unaiandikia amri kwa herufi, nayo inakujibu kwa kifupi au inakunyamazia. Wazungu walituletea ikiwa imeshatumika kwao, pamoja na betri kubwa na groupe, jenereta ya mafuta, na juu yake tukabandika karatasi: ISIZIMWE. Na kweli haikuzimwa. Umeme ukikatika Kamembe nzima, watu wakipapasa mishumaa, mashine yetu ilikuwa inanguruma tu. Tulijivunia jambo hilo kupita kiasi. Wageni tuliwaonyesha ile karatasi kabla hata ya kuwaonyesha picha za watoto.

Sasa, ikajaa.

Ukitaka kuhifadhi picha mpya, inaandika kwa Kiingereza kwamba nafasi imekwisha. Mwanzoni tuligundua faili moja kubwa kupindukia, ambamo ile programu ya kuingizia picha ilikuwa inaandika habari zake za kila siku, porojo ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Tukalifuta kwa shangwe. Nafasi haikurudi. Tukaangalia tena, faili halipo, na mashine bado imejaa! Maman Espérance akatoa hukumu yake palepale.

"Hii mashine bameiroga," alisema. "Unafuta kintu, kintu inaenda, na tumbo inabakia imevimba. Njo sumu ile."

Usimcheke. Huku kwetu sumu si hadithi, kila familia ina mtu wake aliyekunywa kitu mahali na hakuamka vizuri. Basi tukaiwekea mashine mikono, akaomba kwa nguvu, akaikemea kwa jina la Yesu. Mimi pia niliweka mkono, kwa adabu tu.

Siku ya siku, mchana, directeur akapiga simu kutoka Kigali. Kesho asubuhi camion, lori la mradi, italeta watoto wengi waliotolewa Kongo, lazima wapigwe picha wote na kuingizwa. Nikamwambia nafasi hakuna. Akaniambia futa folda ya wa zamani. Wa zamani ni wale ambao picha zao zilikaa ukutani muda mrefu bila mtu kujitokeza, tukaziondoa ili kuwapisha wengine. Karatasi zao zilikuwa zimeoza kwa unyevu wa ziwa. Walikuwa wamebaki mle ndani ya mashine tu.

Mmoja wao alikuwa Ponti. Hilo si jina, ni watoto wenzake wa kwenye kituo tulikowalaza ndio waliomwita hivyo, kwa neno la Kifaransa la daraja, kwa sababu aliokotwa kwenye daraja, katikati ya msongamano wa watu wanaovuka, ameshika chuma cha pembeni na hataki kukiachia. Alikuwa mdogo sana. Hakusema neno siku ile, wala wiki ile, wala baadaye. Alikula, alicheza, alikua, meno ya mbele yakang'oka na mengine yakaota, lakini kusema hapana. Mahali pa kuandika jina lake paliandikwa "haijulikani". Mahali pa jina la mama, vilevile.

Sheria ya mradi ilikuwa kwamba picha ikitoka kwenye mashine, kutafuta kumeisha. Mtoto anapelekwa kwenye nyumba ya mayatima, mbali, na faili lake linafungwa. Unaelewa uzito wake? Nikibonyeza kitufe kimoja, Ponti anakuwa Ponti maisha yake yote. Niliuliza kama tunaweza kusubiri. Directeur hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye camion inayokuja. Akasema, "Bamoja ni bale ba zamani, bengine bako njiani. Uchague."

Jioni ikafika na mvua yake. Maman Espérance aliondoka mapema kwenda kutafuta mablanketi ya wageni wa kesho. Mpaka ulikuwa umekwisha kufungwa, barabara ya kushuka mtoni ilikuwa tupu, na giza la mvua lilikuwa limeingia kabla ya giza lenyewe. Nikaiandika ile amri ya kufuta, folda nzima. Herufi chache tu. Kidole kikawa juu ya kitufe, na roho inaniuma, nisikufiche.

Nikasikia, "Hodi."

Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, kimelowa chapachapa, kitambaa kichwani kimemshukia mpaka kwenye nyusi. Mkono mmoja ameshika shavu. Nikajua mara moja ni nani: mfanyabiashara wa Bukavu aliyechelewa barriere ya mpakani, hana pa kulala upande huu. Walikuwa wakitujia mara nyingi, hasa wakati wa mvua.

"Ingia, maman, mvula itakumaliza," nikamwambia. "Ukae ku kiti pale."

"Asante, papa. Sitakaa sana."

Nilikuwa na chai kwenye thermos, ya maziwa, ya moto. Hapa nikueleze jambo, maana ndilo lililoniokoa. Kwetu humpi mgeni kikombe mkononi hivihivi. Unaonja wewe kwanza, mbele yake, umeze, aone, ndipo unampa. Ni kwa ajili ya hiyo hiyo sumu. Ukishaonja umejifunga. Unakaa naye mpaka anywe, humpi mgongo, na huendelei na kazi ya kuharibu kitu huku mgeni ana kikombe kimejaa mkononi. Bibi yangu aliwahi kusimamisha kuchinja kuku, kisu kiko shingoni, kwa sababu jirani alikuwa hajanywa. Kuku yule alizeeka.

Nikaonja, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka magotini, hakunywa.

"Unywe, maman. Niliishaonja."

"Nimeona, papa. Ni jino inaniuma. Chai ya moto siwezi. Ikipoa nitakunywa."

Basi nikakwama. Amri iko kwenye kioo, kitufe kinanisubiri, na chai ya mgeni ina mvuke. Utafanya nini? Nikageuza kiti nimtazame yeye na mashine pamoja, nikangoja.

"Uko nafanya nini mu ile kintu?" akauliza.

Nikamweleza. Huwa sipendi kueleza kazi yangu, watu husinzia, lakini yeye alisikiliza kama anayesikiliza habari za kwao. Nikamwambia hii mashine ni nyumba, imejaa, kesho kuna wageni wadogo wanakuja, kwa hiyo lazima niwatoe waliokuwamo.

"Ni benye kukaa mule ndani njo bamejaza nyumba?"

"Sijui, maman. Najua tu imejaa."

"Kama haujue nani anajaza, unafukuza batoto juu ya nini?"

Niamini, nikageukia kioo kwa aibu. Mimi, mtu wa diplome. Nilikuwa najua amri moja tu ya mambo haya, inaitwa df, nayo inapima nyumba nzima kwa jumla: imejaa au haijajaa. Haisemi nani kajaza chumba gani. Miezi yote ile nilikuwa naiuliza swali lilelile na kupata jibu lilelile, kisha nakasirika. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Nikasema moyoni, muda huu wa kungojea, kwa nini nisitafute?

Hatukuwa na internet. Vitabu vyangu vilibaki Bukavu wakati wa vita. Lakini ile mashine ilikuwa na maelezo yake ndani, ukijua kuyaita. Nikafuta ile amri ya kufuta, herufi moja moja, na badala yake nikaandika man, halafu k na kistari chake, halafu disk. Maana yake, niletee kila chombo ulicho nacho kinachohusu diski. Ikamwaga mistari mpaka kioo kikajaa. Vingi havikunihusu. Kimoja kilikuwa cha kukata diski vipande, nikakiogopa nikakipita. Kingine cha kutengeneza diski iliyovunjika, lakini yetu haikuwa imevunjika. Halafu nikaona du. Nikasoma Kiingereza chake kwa taabu, nikitafsiri kwa sauti, naye mgeni anaitikia "eh" kila nikimaliza sentensi.

Huyu du ndiye anayepima chumba kwa chumba. Nikamwambia asipime kila kabati, anipe jumla ya kila chumba tu. Akanipa, lakini kwa fujo, kubwa na dogo pamoja. Nikataka kuyapitisha matokeo yake kwa mwenzake aitwaye sort, anayepanga kutoka kidogo hadi kikubwa. Sasa, ili kuwaunganisha hao wawili unahitaji alama ya kijiti kilichosimama wima, na clavier yetu, ule ubao wa vitufe, ilikuwa ya Kifaransa, wino wa vitufe umefutika. Niliitafuta hiyo alama jasho likinitoka. Mgeni akacheka kidogo, akashika shavu. Nilipoipata nilipiga makofi peke yangu.

Nikatazama orodha. Folda ya watoto wa zamani ilikuwa juu kabisa, miongoni mwa vidogo! Walikuwa hawajazi kitu. Kama ningewafuta wote, mashine ingebaki imejaa vilevile na camion ingefika vilevile.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Nilijumlisha vyumba vyote, nikarudia, na jumla yake haikufika hata nusu ya nyumba. Df anasema imejaa hadi mlangoni. Du anasema kuna nafasi ya kucheza mpira. Wote wawili hawajui kusema uongo.

"Maman," nikamwambia, kama vile ni mwenzangu wa kazi, "kuko kintu mu hii nyumba chenye hakiko mu chumba hata kimoja. Hakina jina. Lakini kinakula nafasi."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, ila nilimsikia vizuri, na sauti yake haikupanda.

"Labda alishakufa, papa. Lakini kuko muntu bado amemushika mukono. Mwenye anashikwa hawezi kwenda."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia chai yake. Na mimi, badala ya kuogopa kama mtu mwenye akili, nilirukwa na furaha, kwa sababu maneno yake yaliniamshia somo. Mwalimu wetu wa Bukavu aliwahi kutuambia, mchana mmoja wa joto nikiwa nusu usingizini, kwamba ukilifuta faili wakati programu fulani bado inaliandikia, jina lake linatoka lakini lenyewe halitoki. Linabaki mle, halionekani, mpaka programu ikubali kuliachia. Lile faili la porojo! Tulilifuta, lakini programu ya picha ilikuwa haijawahi kusimama hata mara moja, kwa sababu ya ile karatasi yetu ya majivuno. Mtu mwingine yeyote wa Kamembe, umeme ungekatika, mashine ingezimika, jambo lingekwisha lenyewe bila yeye kujua. Sisi na betri zetu na groupe yetu tulikuwa tumelinda maiti.

Chombo cha kuonyesha nani ameshika nini kinaitwa lsof. Nikakipata katika yale maelezo, nikakiambia kinionyeshe tu vile vilivyokwisha kufutwa. Ukatoka mstari mmoja. Ndilo lenyewe, na ukubwa wake, na jina la programu iliyokuwa imeling'ang'ania. Nikaisimamisha ile programu, nikaiwasha upya. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Nikamuuliza df tena, akajibu kwamba nusu ya nyumba na zaidi iko wazi.

Nilitaka kuimba. Nadhani niliimba. Camion ingeleta watoto wa nchi nzima, wangepata mahali.

"Sasa habafutike?" akauliza.

"Habafutike, maman. Hata mumoja."

"Basi unionyeshe bo."

Kompyuta ndogo ya Maman Espérance, pembeni, ndiyo iliyoweza kuonyesha picha. Nikaifungua folda, nikaanza kumpitishia sura moja baada ya nyingine. Wavulana wenye macho makali, watoto walionyolewa vichwa kwa ajili ya chawa, mmoja anayecheka sijui kwa nini. Alisogeza kiti. Alipofika kwa Ponti akaweka kikombe mezani.

"Huyu ni Uwineza," alisema.

Nikamuuliza anamjuaje.

"Mie njo mama yake."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamwambia mtoto yuko hapo juu tu, kituoni, mzima, anakula, anakimbia kuliko wavulana. Nikamwambia alale hapa, nitamtafutia blanketi, asubuhi tutakwenda pamoja. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka juu ya ule mkono ulioshika shavu.

"Sitaweza kuvuka tena, papa. Dada yangu mukubwa yuko Nkungu, amefika juzijuzi. Jina yake ni Vestine. Nyumba iko chini ya kanisa, kwenye miti ya kahawa. Umupelekee Uwineza. Na umuambie mutoto, mie sikumuachiaka mukono."

Nilidhani anazungumzia mpaka, karatasi, askari. Miaka ile nani alikuwa anavuka bila matatizo? Nikageuka kuchukua kalamu niandike Vestine, Nkungu, kahawa. Nilipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu. Nikakimbilia nje, nikaita. Zamu wetu, mlinzi wa lango, alitoka kibandani akaniuliza namwita nani, lango amelifunga tangu mvua ianze na ufunguo anao shingoni. Nikarudi ndani. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa. Mahali alipokuwa ameketi na nguo zile zinazochuruzika, sakafu ya simenti ilikuwa kavu.

Nililala pale ofisini, taa ikiwaka. Kulala ni neno tu.

Asubuhi watoto wa camion walifika, tukawapiga picha wote, mashine ikawameza bila kinyongo. Maman Espérance alisema ni maombi yake yamejibiwa, kwa kuchelewa kidogo. Nikamwambia yote. Hakucheka, yeye peke yake hakucheka. Alifunga kitenge chake vizuri akasema, "Tuende Nkungu."

Tukapanda kwa pikipiki mbili za taxi-moto, matope mpaka magotini. Chini ya kanisa, kwenye miti ya kahawa, tulimkuta mwanamke anapalilia. Tukamuuliza kama ni Vestine. Akasema ndiye. Alikuwa ametoka Kongo karibuni tu, baada ya kuzunguka misitu kwa muda mrefu, na picha za Ponti zilikuwa zimeshatoka ukutani alipofika. Hakuwa ameuliza popote. Alidhani hakuna wa kumuulizia.

Maman Espérance akamwambia kuna mtoto anaitwa Uwineza. Jembe likamtoka mkononi.

"Nani alibaambia ile jina?"

"Mama yake," nikasema. "Alikuja jana."

Kisha akauliza, polepole, "Alikuwa ameshika wapi?"

Nikaweka mkono wangu kwenye shavu, kama nilivyomwona. Vestine akaketi chini, kwenye udongo.

Alitusimulia palepale. Mdogo wake alitembea njia yote ya msitu na jino bovu, uso umevimba, homa haimtoki. Alifia kando ya barabara alfajiri moja, mtoto amelala kando yake amemshika mkono. Watu walikuwa wanakimbia, hapakuwa na muda. Walipotaka kumzika ilibidi Vestine aifungue mikono ya mtoto kidole kwa kidole, na mtoto hakulia, ila tangu hapo akanyamaza. Yeye alimbeba mgongoni siku nyingi, mpaka risasi zikawatawanya, na watu wengine wakamchukua mtoto kuelekea mpakani. "Ni mie nilimuachanisha na mama yake," alisema Vestine. Maman Espérance akamkumbatia, wakalia wote wawili, nami nikalia, nasema wazi.

Tukashuka naye siku hiyohiyo. Pale kituoni watoto walikuwa wanaruka kamba uani. Ponti alikuwa ametugeuzia mgongo, anashika ncha ya kamba, anawazungushia wenzake. Walezi wakataka kumwita kwa lile jina lao. Nikawaomba wanyamaze. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Uwineza."

Kamba ikaanguka. Aligeuka.

Vestine alishindwa kutembea, kwa hiyo mtoto ndiye aliyekuja, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Nikachuchumaa nikampa ule ujumbe, neno kwa neno, kwamba mama anasema hakumwachia mkono. Watu wa kituo wote walikuwapo na wote walimsikia akijibu. Sauti ilikuwa nzito kwa kutotumika.

"Najua," alisema. "Mie njo nilikuwa nimemushika."

Sasa ana mume na watoto wake, na anaongea mpaka unatamani apumzike. Ananiita papa. Mimi nimebaki na alama zangu: simwachi mgeni wa mvua mlangoni, na sibonyezi kitufe cha kufuta bila kumaliza kupima. Vijana wa kazini wananiita mzee wa du. Waache.

Na wewe unayenisikiliza, nakuonya. Siku moja utaambiwa nafasi imekwisha, ufute walio kimya, kwa sababu hawatapiga kelele. Usikubali haraka. Pima nyumba, halafu pima vyumba, na hesabu zikikataa kulingana, uliza ni nani ameshikwa na nani. Na mgeni akikataa kikombe chako, usichukie, usimharakishe. Kaa naye mpaka chai ipoe, maana huenda amekuja na jina la mtoto wa mtu.